Mkaa wa Mkwe Wangu

Siku mkwe wangu alipotuma kuomba kinu changu ili atwangie mkaa, nilimwambia binti yangu amjibu hivi: kinu hicho kimetwanga mpunga wa harusi yangu, kimetwanga na mahindi ya matanga ya mume wangu, na kama anataka kutwanga masizi akatwangie kichwani kwake. Binti yangu alikuwa amesimama katikati yetu. Kutoka nilipokaa hadi aliposimama mumewe zilikuwa hatua tano, na kila neno alikuwa amelisikia. Lakini ndivyo desturi ilivyo. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa kina mke, na yeye na mama mkwe wake hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Ni heshima hiyo, wala si ugomvi. Basi binti yangu akamgeukia mumewe akasema, "Mama anasema kinu hakitoki." Ndiyo yote aliyosema. Mtoto yule tangu mdogo anachuja maneno yangu kama anavyochuja tui, machicha yote anabaki nayo mwenyewe.

Tulikaa pembeni ya Likombe, pale ambapo miaka ya tisini nyumba zilikuwa zinaachana na mihogo inaanza. Udongo wa pale si udongo, ni mchanga. Ukiumwagia ndoo ya maji unausikia unavyonyonya kama ndama, na ukirudi na ndoo ya pili hujui ile ya kwanza uliimwaga wapi. Muhogo unauvumilia mchanga ule, mkorosho unauvumilia, na sisi tuliuvumilia. Viwanda vya korosho vilipofungwa, korosho zilirudi majumbani, na wanawake tukawa tunazikaanga na kuzibangua wenyewe uani. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma ngozi kama moto wa kweli. Vidole vyangu havina mistari hadi leo. Niliwahi kupigishwa dole gumba kwenye karatasi ya ofisini, karani akanirudisha mara tatu, kila mara linatoka doa tupu. Akaniuliza, bibi, kidole chako kiko wapi? Nikamwambia kimeliwa na watu wa korosho.

Maganda yale yalirundikana nyuma ya kila nyumba. Kuku hawayagusi, mbuzi hawayagusi, hayaozi upesi, na ukiyachoma ovyo moshi wake unawasha macho mtaa mzima. Tuliyaona ni laana. Mkwe wangu aliyaona maganda yale akafurahi kama mtu aliyekuta shamba la urithi.

Alikuwa mtu wa kutoka juu, kwenye mwinuko wa upande wa Newala, ambako maji ya kunywa hufuatwa bondeni na mtu hukua bila kuiona bahari. Alikuwa amefanya kibarua kwenye bustani moja ya miche na huko ndiko alikojifunza mambo yake. Alipokuja kwetu alikuja na begi moja na pipa la mafuta lililotoboka. Nilitegemea mwanamume wa kupanda mikorosho, au mwenye ngalawa upande wa Mnazi Bay, watu wamwone. Nikaletewa mwanamume wa kuokota takataka. Kila jioni alipita nyuma ya nyumba za watu na gunia lake, akakusanya maganda ya korosho, magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, na maganda ya muhogo yaliyokauka. Wanawake kisimani walimwita Bwana Taka. Nilicheka nao, sitaficha.

Alichokuwa anafanya, nilikielewa polepole, kwa kuchungulia. Alichimba shimo, akajenga tanuru la udongo, akaliweka lile pipa katikati. Ndani ya pipa alijaza magunzi na vifuu, akalifunika akaziba mdomo kwa udongo ili hewa isipite. Nje ya pipa, chini, alichoma maganda ya korosho. Mafuta yake yakishika, moto unaunguruma, na moshi unaingia tena motoni unaungua humo humo, macho hayawashi. Vitu vilivyomo ndani ya pipa haviwaki, vinapikwa tu hadi vinakuwa mkaa mwepesi, ukiugonganisha unalia kama vigae. Mkaa huo hakuupeleka jikoni. Aliuponda, akaulowesha siku nyingi kwenye samadi na mkojo wa mbuzi, kisha akauchanganya na mchanga. Alimwambia mke wake, na mke wake akaniambia mimi, kwamba mkaa una matundu yasiyoonekana, nayo hushika maji na chakula cha mmea yasikimbie chini. Nikamwambia binti yangu amwambie mumewe kwamba mimi nimezaliwa nimeukuta mchanga huu, na nitazikwa humo, na haujawahi kushika kitu ila maiti.

Joto la tanuru nalo hakuliacha lipotee. Alipitisha bomba la mabati ya zamani chini ya ardhi, likaingia kwenye banda alilolijenga kwa mianzi na kuliezeka kwa nailoni. Nailoni ile alipewa na mwenye duka mmoja wa Kihindi kule Mikindani, ilikuwa ya kufungia marobota ya nguo, imechanika kila mahali. Mkwe wangu alikaa wiki nzima anaishona kwa sindano ya magunia. Joto, kwanza alilitumia kuuoka udongo wa kitalu ili ugonjwa wa mnyauko ufe. Kisha, masika yakija, lingekausha unyevu mle ndani. Kwetu nyanya wakati wa masika haziwezekani. Mvua inapiga majani, majani yanashika ukungu, wiki mbili shamba zima limekuwa jeusi. Miezi ile sokoni kwetu Magomeni nyanya huwa chache na zimechoka kwa safari. Mkwe wangu alitaka kuwa na nyanya mbichi mvua ikinyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu. Huyu nilimbeba mgongoni mimi, nikamfuta makamasi mimi, lakini kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Alipokwisha kuota mvi akaanza kuja na baiskeli yake kutuhukumu. Mwaka ule, msimu wa korosho ulipoisha, alikuja akalizunguka lile banda mara mbili, akagonga pipa kwa fimbo, akarudi kukaa barazani. Wakati huo binti yangu alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili, mjukuu wangu wa kwanza, na mimba ya pili ilikuwa imeanza kuonekana. Mdogo wangu alisema mengi, kwamba mwanamume aliyeoa kwetu anatakiwa alime, kwamba wenzake wa umri wake wana mikorosho imeshazaa, kwamba watu wanatucheka mpaka Mikindani. Kisha akasema lililomleta.

"Mvua zikikatika sijaona kitu cha kuliwa humo ndani, afunge mzigo wake arudi kwao. Mtoto wetu atapata mwingine."

Binti yangu alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Mumewe alikuwa ameketi chini na macho yake mchangani. Wote waliningoja mimi. Mimi ni mama, neno langu lingepunguza makali. Sikusema. Moyoni nilikuwa naona mdogo wangu ana haki.

Kilichonibadilisha ni magoti yangu.

Nina magoti mabaya, yaliharibika kwa miaka ya kuchuchumaa nikibangua korosho. Mvua za masika zilipoanza, kwetu kusini ni mwezi wa kumi na mbili, yalikuwa yananiuma hadi nashika ukuta kusimama. Asubuhi moja nikakuta kando ya banda, nje, mahali ninapokaa siku zote na kigoda changu, pamejengwa kibaraza kidogo cha udongo, kirefu kama mtu aliyelala. Nikauliza ni cha nini. Binti yangu akasema mumewe amesema ni cha kuwekea masanduku ya miche. Sawa. Siku ya pili hapakuwekwa sanduku. Siku ya tatu pia. Nikakikalia. Kilikuwa cha moto, moto mzuri wa wastani, kama mgongo wa mtoto aliyelala. Alikuwa amelizungusha bomba lake lipite chini ya mahali pangu kabla halijaingia bandani. Nilikaa pale nikabangua korosho debe zima, nikanyanyuka bila kushika ukuta. Toka siku ile nikawa nakaa pale kila asubuhi, na nikawa naanika pale kanga zangu na nepi za mjukuu, maana masika nguo hazikauki. Wanawake wa kisimani wakaanza kuja na nguo zao. Nikawaambia foleni inaishia kwa wale waliomwita Bwana Taka, hao wawe wa mwisho. Wakaniuliza, na wewe je? Nikasema mimi ni mwenye nyumba.

Mwezi wa kwanza miche ilikuwa imeota vizuri kwenye masanduku. Ndani ya banda alikuwa na matuta matano. Tuta moja alikwisha kulijaza mkaa uliokomaa. Manne yaliyobaki mkaa ulikuwa hautoshi, kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha kila taka aliyoitegemea, na magunzi yamekwisha mitaani. Ndipo ikaja habari kwamba mama yake mzazi amefariki. Akaondoka siku ile ile kwenda kwao kuzika, akamwachia mkewe miche na moto, akakaa huko wiki mbili na zaidi.

Nikamwona binti yangu anavyoyatazama yale matuta matupu na tumbo lake. Nikasema moyoni, mwanamume huyu amefiwa na mama, akirudi akute angalau mama mmoja amemkumbuka. Lakini sikutaka ajue ni mimi. Nilikuwa nimemtukana miaka mitatu, ningeanzaje?

Ujanani mwangu, kabla ya korosho, kazi yangu ilikuwa usumba. Makumbi ya nazi tuliyafukia kwenye matope ya mikoko, pale maji ya chumvi yanapopanda na kushuka, yakakaa miezi mpaka yalainike. Tukayafukua, tukayapiga kwa rungu, tukapata nyuzi za kusokota kamba. Zilipokuja kamba za nailoni kazi ile ikafa, na mashimo yangu mawili yakabaki huko mikokoni na makumbi yake ndani, hayana mwenye haja nayo. Basi maji yalipokupwa nilikwenda. Mama mzima na magoti yangu nikazama kwenye tope hadi mapajani, nikafukua kwa mikono. Nilileta matenga matatu, siku tatu, kichwani. Niliyatandaza kwenye uchaga juu ya jiko na kwenye kile kibaraza cha moto, yakakauka yakawa kahawia safi. Nikayarundika karibu na pipa. Binti yangu aliniuliza nimeyatoa wapi, nikamwambia yalikuwepo, na akiulizwa aseme hivyo hivyo.

Mkwe wangu aliporudi, nywele zimenyolewa kwa msiba, alilikuta lile rundo. Mkewe akamwambia mama ameyakuta mahali. Alisimama akatazama mchanga ulio karibu na miguu yangu kwa muda mrefu. Kwa watu wasiosemeshana, ile ilikuwa shukrani kubwa. Nilijisikia vizuri nikaenda jikoni nikapika samaki wengi kuliko kawaida.

Makumbi yakapikwa yakawa mkaa. Ukaloweshwa samadi, ukachanganywa na mchanga kwenye matuta yale manne. Miche ikapandwa mitano mitano kwa mstari, binti yangu akiishika na mumewe akifukia, tumbo lake likimzuia kuinama. Nilikaa kibarazani kwangu nikiwasikia kupitia nailoni wanavyochekana. Nje mvua ilipiga kama imetumwa. Ndani palikuwa pakavu na joto, kama chumba cha mzazi.

Siku ya nne ncha za majani ziligeuka kahawia. Siku ya sita majani yalijikunja kama yamepitishwa juu ya moto. Kufikia Ijumaa matuta manne yalikuwa yamelala chini, kila mche umekauka na udongo wake umelowa. Tuta moja tu, lile la kwanza, ndilo lililosimama, kijani, halina habari. Mkwe wangu aliingia na kutoka bandani bila kusema neno, hata kwa mkewe. Aling'oa miche iliyokufa akaitoa nje kwa beseni. Mtaani wakasema Bwana Taka amepika nyanya zake kabla hazijaiva. Nilisikia, na mara hiyo sikucheka. Lakini nilikuwa nimekasirika naye. Nilisema kimoyomoyo, nimekutolea miguu yangu mikokoni, nawe umeshindwa hata kuotesha nyanya.

Habari ilimfikia mdogo wangu. Hakungoja mvua zikatike. Jumapili tulimwona anakuja na baiskeli, amefunika kofia kwa mfuko wa plastiki.

Tulikaa barazani. Mdogo wangu kwenye kiti, mimi kwenye kigoda, binti yangu mlangoni na mtoto mapajani, mkwe wangu chini kwenye mkeka, kichwa kimeinama. Mdogo wangu alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya yake. Alisema ametoa muda na muda umejijibu wenyewe. Alisema moto umeoka udongo mpaka umekufa, na mtu aliyetoka kwenye nchi isiyo na maji asingeweza kuwafundisha kilimo watu wa pwani. Alimwuliza mkwe kama ana la kusema. Mkwe akasema hana. Akaulizwa tena, kosa ni la nani. Akasema ni lake.

Binti yangu alianza kulia bila sauti. Mjukuu wangu akawa anamfuta machozi kwa pindo la kanga, kama anavyoona anafutwa yeye.

Nikageuza uso, kwa sababu sipendi kutazama mtoto wangu analia mbele ya watu. Nikatazama uani. Pale kwenye kona ya banda, ulipobaki mkaa wa ziada wa yale makumbi, kulikuwa na mbuzi wangu wawili. Walikuwa wanaulamba. Walikuwa hawautafuni wala hawaunusi, wanaulamba tu, mmoja akimsukuma mwenzake kwa pembe, kama wanavyolamba jiwe la chumvi. Mbuzi wale mkaa wa magunzi walikuwa wanapita juu yake miaka yote.

Niliinuka. Mdogo wangu akauliza naenda wapi, watu wanazungumza. Sikumjibu. Nilitembea kwenye mvua nikachukua kipande cha mkaa nikakitia ulimini.

Ilikuwa bahari. Ilikuwa matope yale yale ya mikoko, na ujana wangu, na maji ya kupwa. Enzi za kamba mabaki ya makumbi kama yale tuliyachoma jikoni, tukapikia, majivu tukamwaga, wala hakuna aliyewahi kuwaza chumvi yake inakwenda wapi. Nilikuwa nimewamwagia miche ile bahari nzima kwenye mizizi. Mtu wa pwani angenusa tu akajua yametoka mikokoni. Mkwe wangu wa Newala angejuaje? Na hata angetaka kuuliza yametoka wapi, angemwuliza nani? Mimi nilikuwa nimeshaziba mlango, kwa majivuno yangu na kwa mdomo wa binti yangu.

Nilisimama pale mvua ikininyeshea. Nawaambia kweli, niliwaza kunyamaza. Mimi si mtu wa kukosea mbele ya mdogo wangu. Nilimlea kwa fimbo, na tangu awe mkubwa nimekuwa namsubiri akosee yeye. Ningenyamaza, mwanamume angefunga begi lake, na hakuna mtu ambaye angejua mpaka nazikwa. Kisha nikakiona kile kibaraza changu, kimelowa na kinafuka mvuke.

Nikarudi. Nikaweka kile kipande cha mkaa kwenye kiganja cha mdogo wangu, nikamwambia alambe. Akanitazama kama nimepata kichaa. Alilamba, akakunja uso.

"Makumbi yale niliyafukua mimi kwenye mashimo yangu mikokoni," nilisema. "Sikumwambia mtu. Miche nimeiua mimi."

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya na ambalo mama yangu angenipiga kwa ajili yake. Niligeuka nikamtazama mkwe wangu. Nikamsemesha.

"Baba, ulijua?"

Hakuinua macho. Kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikielekezwa kwangu, na ilikuwa sauti laini kuliko nilivyodhani.

"Nilionja siku ile ya sita, mama."

"Na ukakubali kufukuzwa?"

"Ningesemaje?"

Ndiyo yote. Ningesemaje. Angesimama mbele ya mjomba wa mkewe aseme mama mkwe wangu ameniharibia? Angekuwa amevunja heshima yote aliyokuja nayo kutoka kwao. Alikuwa tayari kuondoka amwache mke na mtoto na mimba, kuliko kunitia aibu mimi, mimi niliyemnyima kinu. Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka, mbali naye kidogo.

Mdogo wangu alivua kofia akaipangusa maji, akaivaa, akaivua tena.

"Sasa nifanye nini," alisema. "Nikufukuze wewe, dada?"

"Nifukuze."

"Uende wapi na magoti hayo." Kisha akawatazama wote wawili, yaani mimi na mkwe. "Ninyi heshima yenu hii imekula matuta manne. Kama hamtasemeshana mengine, semeshaneni udongo. Na neno langu liko pale pale. Mvua zikikatika nakuja kula."

Kesho yake mkwe wangu alifungua nailoni juu ya matuta yale manne, akaikunja pembeni, akaiachia mvua iingie. Alichimba mtaro wa kutoa maji nje. Ule mchanga niliokuwa nausema, usioshika kitu, mara hiyo ulitufaa, maana chumvi iliteremka nayo haikurudi. Ilinyesha siku tano. Kila asubuhi yeye alichota kidole cha udongo kutoka upande mmoja wa tuta akakionja, na mimi nikachota upande mwingine nikakionja, hatutazamani. Siku ya kwanza nilisema, bado. Siku ya tatu akasema, bado kidogo, mama. Siku ya tano nilisema mimi siisikii tena, na yeye akasema hata yeye. Binti yangu alisimama mlangoni anatutazama tunavyokula mchanga, akasema mimba ni yake lakini sisi ndio tunaokula udongo.

Mvua ilikuwa imeondoka na samadi pia, hivyo mkaa mpya ulihitajika, na safari hii tulitafuta pamoja na mtaa mzima. Wanawake wa kisimani walileta vifuu na magunzi waliyoyaanika kwenye kibaraza changu. Ulipoiva, mkwe wangu alichukua jiwe akaanza kuuponda juu ya bati. Nilimtazama kidogo. Nikaingia ndani, nikakibingirisha kinu changu mpaka uani, nikakisimamisha mbele yake na mchi wake. Aliupitisha mkono wake kwanza ndani ya kinu, akakipangusa, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Miche ilikuwepo bado kwenye masanduku, ile ya akiba. Ilipandwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Moto uliwashwa kila alfajiri baada ya mvua kubwa, majani yakakauka kabla jua halijapanda, na ukungu haukuingia. Nje, mchicha wa jirani ulikuwa umelala. Ndani, nyanya zilipanda mpaka zikaanza kuegemea mianzi.

Mvua zilikatika mapema mwaka ule, kwa sababu ndivyo mvua zilivyo ukitaka zikawie. Mdogo wangu alifika na baiskeli yake na vumbi la kwanza. Aliingia bandani akiwa ameinamisha kichwa. Nyanya zilikuwa zimejaa, nono, zimeng'aa, na zote kijani. Hakukuwa hata moja nyekundu. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika mwanzi. Mkwe wangu alisimama upande wa pili, mkewe nyuma yake na tumbo la miezi tisa.

Mdogo wangu alichuma moja, akaigeuza geuza. Akasema alichoahidi ni kuona kitu cha kuliwa, hakusema rangi. Akaiuma. Ilikuwa chungu, niliona shingo yake ilivyokazana. Akatafuna hadi mwisho, akameza.

"Inataka chumvi," alisema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tuta. Mkwe wangu naye alicheka, amejifunika uso kwa mkono asinionyeshe meno. Wiki mbili baadaye zilianza kuiva, na juma lile lile binti yangu alijifungua mtoto wa pili wa kike, ndani ya nyumba ile, baba wa mtoto akiwa uani anachemsha maji kwenye lile tanuru.

Miaka imepita. Mabanda sasa ni matatu, na udongo wa pale umekuwa mweusi kiasi kwamba mtu akiuona hadhani ni Likombe. Wajukuu wangu wanne wamekulia kwenye joto la kile kibaraza. Yule mkubwa amesoma kunishinda mbali, anaweza kukueleza kwa maneno ya kitabu kwa nini mkaa unashika maji, na mimi namsikiliza kana kwamba sijui. Kinu changu kimekuwa cheusi ndani mpaka nje na hakijatwanga chakula tena. Nilinunua kingine kwa ajili ya muhogo.

Mimi na mkwe wangu bado hatutazamani usoni, na hatujawahi kula sahani moja. Habari za nyumba, za watoto, za safari na za misiba, zote zinapita kwa binti yangu, anazichuja anavyojua yeye. Lakini mkaa ukitoka tanurini, kabla haujatiwa kinuni, ananiletea kipande kwenye kiganja, amegeuza uso pembeni. Nakionja. Namwambia mwenyewe.

"Safi, baba. Twanga."